Alamu ya Nyumba Si ya Buda Peke Yake

Haya wasee, leo si mambo ya simu mpya wala nani ameachana na nani. Leo nataka tuongee kuhusu ile alamu mmeweka kwa nyumba, ile ambayo ni mtu mmoja tu anajua kuizima. Najua wengi wenu mko nayo. Najua pia kwamba huyo mtu mmoja mara nyingi ni Buda, na namba ya siri ni mwaka wake wa kuzaliwa. Usibishe.

Msimamo wangu nautoa mapema, ndio kama una haraka uende zako: kila mtu anayelala kwa hiyo nyumba lazima ajue kuwasha alamu, kuizima, na kuitumia kuomba msaada. Kila mtu. Watoto wakubwa, shosho, binamu aliyekuja kutafuta kazi, na zaidi ya wote, dada wa kazi. Kama hutaki ajue, basi toa hiyo kitu ukutani uiuze.

Sasa wacha nieleze kwa nini nimekasirika hivi.

Kwetu ni Kitengela. Mwaka juzi wezi walituzoea, wakaingia nyumba tatu za jirani ndani ya mwezi mmoja. Buda akaita kampuni moja ya ulinzi, wakatuma fundi. Akaweka sensa ya mwendo sebuleni na nyingine kwa korido, vile vipande vya sumaku kwa mlango wa mbele na wa jikoni, king'ora nje chini ya paa, kingine ndani, kibao cha namba karibu na mlango, rimoti mbili ndogo za kuning'iniza kwa funguo, na programu ya simu. Kazi safi, siwezi kudanganya. Halafu akamfundisha Buda kwa dakika kama 20 hivi, wawili wamesimama kwa korido, Buda akasaini karatasi, fundi akaenda. Mathe alikuwa sokoni. Shosho alikuwa amelala. Anti alikuwa jikoni, hatua tano kutoka hapo, anasikia kila kitu, na hakuna mtu alimwita.

Anti ndiye alikuwa anatusaidia kazi. Wengine wenu mnasema mboch, kwetu ni Anti. Alikaa nasi miaka sita. Ndugu yangu mdogo alilelewa na yeye, na dawa za presha za Shosho, asubuhi na jioni, zilikuwa mikononi mwake. Yaani tulimwachia uhai wa Shosho lakini si namba nne za kibao. Rimoti moja ilienda kwa funguo za gari la Buda. Ya pili ikafungiwa kwa droo ya chumba chake. Nilimuuliza Anti atapewa namba yake lini, akanijibu, "Hayo ni mambo ya usalama, wachana nayo." Mimi niliwekewa programu kwa simu, si kwa kuaminika, ni kwa sababu mimi ndiye niliunganisha waifai.

Mwezi wa nne mwaka huu wazee walienda Kakamega kwa matanga ya mtu aliyefanya kazi na Buda. Mimi nilikuwa kwa keja yangu Rongai. Ndugu yangu yuko shule ya bweni. Nyumbani walibaki Anti na Shosho. Saa nne usiku Buda, akiwa huko, akafungua simu akawasha alamu kama kawaida yake. Sasa kwa hiyo skrini kuna vitufe viwili vinafanana kama mapacha. Kimoja ni cha kuondoka: kinawasha kila kitu, milango na sensa zote za ndani, kana kwamba nyumba haina mtu. Kingine ni cha kulala: kinalinda milango na kuziacha sensa za ndani, ndio watu waweze kutembea. Buda akabonyeza cha kwanza. Akaweka simu mfukoni, ikaisha chaji baadaye huko huko kwa matanga.

Saa nane usiku Shosho akaamka kwenda choo. Sensa ya korido ikamwona.

Kama hujawahi kuwa ndani ya nyumba king'ora kikilia, sijui nikueleze vipi. Huwezi kusikia hata mtu anayekupigia kelele sikioni. Anti alitoka mbio akamkuta Shosho ameshikilia ukuta, anatetemeka, hajui ni wezi ama ni moto. Akamkalisha chini, akaenda kwa kibao. Kinataka namba. Akajaribu alichoweza, kikakataa. Akampigia Buda, simu imezima. Akampigia Mathe, simu ya Mathe ilikuwa imeachwa kwa gari. Akanipigia mimi mara nne.

Mimi nilikuwa nimenyamazisha arifa za hiyo programu tangu Januari, kwa sababu kulikuwa na mjusi anapenda kutembea juu ya sensa ya sebuleni na kila wiki simu inanipigia makelele ya bure. Na usiku naweka simu kimya. Niliamka saa moja asubuhi nikapata arifa 11 na hizo simu nne. Kwa hivyo mnaposoma hii hasira yangu mjue sehemu yake nimejielekezea mwenyewe.

Gari la walinzi lilifika baada ya robo saa hivi, na hapo ndipo mambo yaliharibika zaidi. Kuna neno la siri ambalo kampuni humuuliza mtu aliye ndani, ndio wajue kweli ni wa hiyo nyumba. Anti hakulijua. Hakujua hata kwamba neno kama hilo lipo. Sasa jiweke kwa viatu vya mlinzi: saa nane na nusu usiku, king'ora kinalia, mwanamke hana namba, hana neno, na mwenye nyumba hapatikani. Wakamtoa nje ya geti wakamkalisha chini kwa mchanga, na leso yake, miguu mitupu. Shosho ndani anasema "huyo ni mtoto wangu," lakini nani atasikia? King'ora kilikuwa kinanyamaza baada ya dakika chache, mtu akisogea kinaanza upya. Majirani wakatoka. Kuna mmoja alitoa simu akarekodi. Ni mama wa nyumba ya pili aliyemtambua, akawaambia wale vijana wamwachilie, huyo ni wa hapa.

Mwisho wa mwezi Anti alifunga virago. Hakugombana na mtu. Alimwambia tu Mathe, "Mama, nimechoka." Miaka sita.

Buda anasema ilikuwa bahati mbaya. Mimi nasema hapana. Hiyo alamu ilifanya kile ilipangwa kufanya. Ilipangwa mtu mmoja aishike na wengine wote wawe washukiwa, na usiku huo ndivyo ilivyokuwa.

Na hapa ndipo wengi mnaniambia, "Lakini si unajua wizi mwingi husaidiwa na mtu wa ndani? Ukimpa dada namba, umewapa wezi." Nimesikia hiyo kutoka kwa wajomba, kutoka kwa fundi, hata kutoka kwa Mathe. Sawa, tuifikirie basi vizuri, si kwa woga tu.

Paneli nyingi za siku hizi, hata zile za bei ya kawaida, zinakubali namba nyingi tofauti. Kuna namba kuu, ya kubadilisha mipangilio, hiyo kaa nayo Buda, hakuna shida. Halafu kuna namba za watumiaji. Anti ana yake, Shosho yake, mimi yangu. Kila mmoja akizima, paneli inaandika nani amezima na saa ngapi. Kama Anti amezima saa tisa usiku, unaona Anti, saa tisa. Akiacha kazi, unafuta namba yake kwa dakika mbili na wengine hamguswi. Linganisha na vile nyumba nyingi hufanya: namba moja ya watu wote, anayo Buda, anayo fundi wa mabomba wa mwaka jana, anayo yule binamu mlikosana naye, na haijabadilishwa tangu siku ya kwanza. Hapo mtu wa ndani akiuza namba, utamjuaje? Kwa hivyo kama unaogopa mtu wa ndani, hiyo ndiyo sababu ya kumpa namba yake mwenyewe. Kumnyima kunakuacha gizani wewe.

Tena kuna kitu sijawahi kuona mtu akielezwa na fundi hapa kwetu bila kuuliza. Mifumo mingi ina namba ya kulazimishwa. Mwizi amekushikia panga, anakwambia zima. Unaweka hiyo namba. Alamu inazima kabisa, mwizi anaona umetii, lakini kimya kimya ujumbe umeenda kwa kampuni kwamba uko matatani. Mara nyingi haijawashwa mpaka uombe. Sasa niambie, ni nani kwa nyumba yako ana uwezekano mkubwa wa kushikiwa panga saa nne asubuhi siku ya Jumanne? Wewe uko kazini Upper Hill unakunywa chai. Aliye nyumbani ni dada na mtoto. Na ndiye huyo umemnyima.

Kuna historia moja naipenda sana kwa hii maneno. Mwaka 1966, huko Queens, New York, kulikuwa na muuguzi mweusi anaitwa Marie Van Brittan Brown. Alifanya kazi za zamu, mumewe Albert naye alikuwa na saa zake za ajabu, kwa hivyo mara nyingi alikuwa nyumbani peke yake usiku, mtaa una uhalifu, polisi wanachelewa kufika. Yeye na mumewe wakabuni mfumo: kamera mlangoni inayosogea kati ya matundu kadhaa, skrini chumbani, maikrofoni ya kuongea na aliye nje, kitufe cha kufungua mlango kutoka mbali na kingine cha kuita msaada. Walipewa hataza mwaka 1969. Kamera nyingi za mlangoni mnazonunua leo zinafuata wazo hilo. Ninachotaka muone ni mahali vitufe vilikuwa: chumbani, karibu na yule mwanamke aliyeogopa. Miaka hiyo yote imepita na sisi tumevitoa hapo tukaviweka kwa mfuko wa mzee aliye Kakamega.

Sisemi programu ya simu ni mbaya. Ni tamu kweli. Uko kwa matatu Mlolongo, unakumbuka hujawasha, unabonyeza, kwisha. Lakini iwe njia ya tatu, si ya kwanza. Njia ya kwanza ni kibao, kwa sababu kiko ukutani na hakiendi matanga. Ya pili ni rimoti, kwa sababu mzee wa miaka 78 anaweza kubonyeza kitufe kimoja bila kuvaa miwani. Halafu simu.

Na fikiria stima. Stima zikipotea, kile kisanduku cha waifai kinazima, na programu yako inakuonyesha nyumba kama ilivyokuwa mara ya mwisho, ama haikuonyeshi kitu. Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, giza likashika karibu nchi nzima mpaka uwanja wa ndege wa JKIA? Usiku kama huo simu haikusaidii. Kinachosaidia ni ile betri iliyo ndani ya paneli, ya volti 12, ndogo kama tofali lililokatwa, ambayo inaiweka hai kwa saa kadhaa. Hiyo betri huchoka. Baada ya miaka mitatu, minne hivi inaanza kufa polepole na huwezi kujua mpaka usiku wa giza. Ya kwenu ina miaka mingapi? Ndio hivyo.

Halafu laini. Paneli nyingi hapa kwetu zinatumia laini ya simu kutuma ujumbe wakati intaneti imekufa. Hiyo laini inahitaji kredo kama laini yako. Nimeona nyumba moja Syokimau, mfumo wa pesa nyingi, king'ora kinalia vizuri, na ujumbe hautoki kwa sababu laini ilikaa miezi bila kuwekewa hata shilingi ikafungwa. Mwenye nyumba akaanza kutukana mtandao. Mtandao umekosea nini hapo?

Kuhusu mjusi, kwa sababu najua mtauliza. Sensa ya mwendo inaangalia joto linalosogea. Haijui mwizi, haijui Shosho. Mjusi akitembea juu ya kioo chake, ama buibui akijenga hapo, kwake anaonekana mkubwa kama mtu. Pazia linalopigwa na jua na upepo pia linaweza kuisumbua, kwa hivyo isiwekwe ikitazama dirisha. Dawa yake ilikuwa ni kitambaa, kuziba tundu la waya kwa silikoni, na kuigeuza kidogo. Dakika kumi. Mimi badala ya dakika kumi nilichagua kunyamazisha arifa. Alamu inayolia bure inafundisha watu kutoisikiliza, na kwetu ilinifundisha mimi vizuri sana.

Sasa tumebadilisha nini? Nilimsumbua Buda wiki tatu. Mwanzoni alikataa, akaniambia nyumba ni yake. Nikamwambia ni kweli, na mama yako pia ni wako, na ndiye alikaa kwa sakafu saa nane usiku. Akanyamaza siku mbili, halafu Jumamosi akaita fundi mwenyewe.

Safari hii tulikaa mezani, wote. Niliomba fundi asimweleze Buda, amweleze Shosho, na sisi tusikilize. Ilichukua saa nzima na vikombe viwili vya chai. Kila mtu akachagua namba yake mwenyewe, akaiweka kwa kibao mwenyewe, mwaka wa kuzaliwa ukapigwa marufuku. Kitufe cha kulala kwa programu kimepewa jina "WATU WAKO NDANI" kwa herufi kubwa, na alamu ya saa nne usiku inawashwa na aliye ndani ya nyumba, si aliye mbali. Hiyo ndiyo sheria nilipigania kuliko zote. Kama hauko, hujui nani ameamka. Neno la siri tumelibadilisha na kila mtu analijua kwa kichwa. Kampuni ina namba nne za simu sasa badala ya moja, na nambari ya dada mpya imeandikwa pamoja na jina lake, kwamba ni mkaaji. 999 na 112 zimebandikwa kwa friji pia, kwa sababu gari la walinzi si polisi na si ambulensi.

Shosho ana rimoti yake, ameifunga kwa kamba ya miwani shingoni. Ina kitufe chekundu cha dharura, ukikishikilia sekunde chache walinzi wanakuja hata kama alamu haijawashwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapigia kampuni simu kwanza, tunawaambia tunajaribu, halafu Shosho anabonyeza. Anapenda hiyo siku. Anavaa vizuri.

Dada mpya aliingia mwezi wa saba. Siku ya kwanza Mathe alimwonyesha chumba, jikoni, dawa za Shosho, kisha kibao. Dada akarudi nyuma kidogo akasema, "Mama, hii kitu mimi naogopa." Ikabidi tumwachie awashe na kuzima mara tano, sita, mpaka akaanza kucheka. Mara ya kwanza aliweka namba vibaya na king'ora kikapiga kelele ya sekunde mbili, majirani wakachungulia tena. Wacha wachungulie.

Anti nilimpigia wiki iliyopita. Simu ya kwanza hakushika. Ya pili akashika. Nilimwomba msamaha kwa zile simu nne, akanyamaza, akaniuliza kama Shosho anameza ile dawa ya jioni na chakula ama bila. Nikamwambia na chakula. Akasema sawa. Yuko Ruai sasa, kwa familia moja yenye watoto wawili. Nikamuuliza kama huko kuna alamu, akacheka kidogo akasema ndio, na kwamba kabla hajaweka begi chini aliuliza namba yake ni gani.